Nyumba ya Alama Hamsini

Nchi hii ipo, na ukiitafuta kwenye ramani utaipata, ila jina lake tusilitaje. Si kwa woga. Ni adabu tu, na raia wa huko hufundishwa adabu mapema, wengine kwa fimbo, wengine kwa taarifa ya habari, na wale wazito wa kuelewa hufundishwa miaka mitatu mfululizo ndani ya jengo lisilo na madirisha. Basi tuseme kulikuwa na nchi, na nchi ilikuwa na mji mkuu, na katikati ya mji huo palikuwa na mtaa wa Mkunguni, na mtaani hapo nyumba ya Bi Mwanamkasi binti Shomari, mwalimu mstaafu wa ushonaji, mjane, mwenye umri wa miaka sitini na tisa na goti moja bovu.

Nyumba aliijenga babu yake, ambaye alikuwa seremala na mtu wa majivuno. Kuta zilikuwa za mawe na chokaa, nene kiasi cha paka kulala dirishani na kujinyoosha. Darini boriti za mikoko, sakafuni saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, na mbele mlango wa nakshi wa pande mbili, ambao babu aliuchonga miaka miwili huku bibi akilala na pazia badala ya mlango. Juu ya mlango palikuwa na vioo vya rangi. Jua likipanda, vioo vile vilimwaga wekundu na ubuluu ukumbini, na Bi Mwanamkasi, ambaye hakuwa na mtoto wala televisheni, alikunywa chai yake ya kwanza akivitazama.

Nje, ukutani, palikuwa na baraza ya mawe. Baraza hiyo ilikuwa yake kwa hati, lakini kwa desturi ilikuwa ya yeyote mwenye miguu iliyochoka. Kwa miaka ishirini na minane waliochoka zaidi walikuwa wawili: Mzee Faki, karani mstaafu wa reli, na Mzee Mbwarali, aliyekuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomsaliti. Mzee Faki alisoma kwa sauti matangazo ya vifo katika gazeti la jana, kwa hoja kwamba aliyekufa jana leo bado ni marehemu, ya nini kununua gazeti jipya. Mzee Mbwarali aliwaombea rehema mmoja mmoja, na kuwakosoa wale aliowahi kuwashonea suti. Bi Mwanamkasi aliwatolea kahawa saa nne na saa kumi, akawagombeza kwa kumwaga masimbi ya kahawa mlangoni, na siku alipougua malaria wao ndio waliombeba mpaka hospitali kwenye kiti.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka serikali ilipogundua haiba.

*

Ugunduzi ulitangazwa na Waziri wa Haiba na Makazi ya Kati, katika uwanja uliojaa wananchi waliofika kwa hiari yao kwa malori ya jeshi. Waziri alivaa kofia mbili, moja ya chama na moja ya jua.

“Ndugu wananchi,” alisema, “serikali yenu sikivu imefanya utafiti na kubaini kwamba nyumba za zamani za katikati ya mji zina haiba. Na kwa miaka mingi haiba hiyo imekuwa ikitumiwa na kikundi kidogo cha watu, yaani wenye nyumba. Hali hii haikubaliki.”

Wananchi wakapiga makofi, kwa kuwa makofi yalikuwa kwenye ratiba.

Sheria ikapita kwa haraka, maana wabunge walikuwa wanawahi semina. Kila nyumba kongwe ya mjini ingetathminiwa na kupewa alama kati ya sifuri na mia. Nyumba yenye alama zaidi ya hamsini ingekuwa Fahari ya Taifa, na fahari ya taifa haiwezi kulaliwa na mtu mmoja, hivyo mwenyewe angeondoka. Nyumba yenye alama chini ya hamsini ingekuwa Aibu ya Taifa, nayo ingebomolewa, hivyo mwenyewe angeondoka. Wote wangepelekwa Kilometa Arobaini, ambako serikali ilikuwa imejenga vyumba vya bati jipya, visivyo na haiba wala aibu, na karibu navyo ingeletwa maji.

Nyumba ya Sharifu Badi ilipata themanini na tatu. Alipewa cheti na mkono wa Waziri, akapandishwa lori, na wiki iliyofuata shemeji yake Waziri alihamia humo ili haiba isipoe. Nyumba ya wajukuu wa Kitwana ilipata thelathini na moja. Siku hizi ni maegesho ya magari ya wizara, na kusema kweli magari yanapendeza pale.

Kisha nyumba ya Bi Sikudhani, muuza vitumbua, ikapata hamsini kamili. Hapo serikali ikakwama. Waliotunga sheria waliandika “zaidi ya” na waliandika “chini ya”, lakini hamsini yenyewe hakuna aliyeikumbuka. Mwanasheria wa wizara alipoulizwa alisema hamsini ni jambo la kinadharia, akaenda likizo. Bi Sikudhani aliendelea kukaanga vitumbua vyake kwa utulivu, na mji mzima ukamtazama kwa wivu ambao hapo kabla ulitunzwa kwa ajili ya wenye vyeo.

Ndivyo ilivyozaliwa kazi mpya nchini humo, kazi ya fundi wa hamsini.

*

Fundi wa Mkunguni aliitwa Jongo. Alikuwa na futi, tindo, na nakala ya kanuni aliyoipata mahali ambapo nakala hupatikana. Alizunguka nyumba ya Bi Mwanamkasi mara tatu, akagonga hapa, akanusa pale, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

“Sabini na nne, mama,” alisema. “Nyumba yako ni nzuri mno. Pole sana.”

Akamweleza kwamba pasipopungua alama ishirini na nne, lori litakuja. Bi Mwanamkasi aliuliza zinapunguzwaje. Jongo akamwonyesha tindo.

Ilichukua wiki mbili. Walifunika boriti za mikoko kwa dari ya jipsamu yenye maua ya plastiki. Walipaka ukuta wa mbele rangi ya waridi, ile ya maduka ya simu. Upande mmoja wa mlango wa babu uling'olewa, ukafichwa chini ya kitanda, na mahali pake likatiwa geti la chuma lenye picha ya tai, ingawa fundi aliyelichomelea aliapa kwamba ni simba. Mtaani kote ilikuwa hivyo. Ungepita Mkunguni siku zile ungedhani watu wameingiwa na wazimu, huyu anabandua chokaa ya mbele, jirani yake anasiriba ya nyuma, kila mmoja akihangaika asiwe mzuri sana wala mbaya sana.

Vioo vya rangi Bi Mwanamkasi alikataa visivunjwe na Jongo. Alipanda ngazi mwenyewe, na goti lake lile, akiwa ameshika mchi wa kinu. Alivunja vitatu. Kila kimoja alikipiga mara mbili, kwa sababu pigo la kwanza mkono ulikuwa haujakubali. Aliposhuka aliingia jikoni, akafunga mlango, akalia mpaka maji ya ugali yakakauka sufuriani.

Jongo akapima upya, akapata arobaini na nane. Walikuwa wamezidisha ubaya, na kioo kimoja kikawa hakina budi kurudi. Bi Mwanamkasi akaenda nyuma ya soko, kwenye uchochoro ambao mji mzima ulikutana kubadilishana vipande vya nyumba zao, akarudi na kioo cha kijani kutoka kwenye nyumba ya mtu asiyemjua. Hakikulingana na vile vingine, lakini kilitosha. Hamsini ikatimia, na usiku ule alilala mpaka jua likamkuta kitandani.

*

Mthamini alifika Jumanne. Aliitwa Bwana Lutengano, Afisa Mthamini wa Haiba Daraja la Pili, kijana wa miaka thelathini na mbili, amepiga pasi mpaka soksi. Nchini humo ofisa akiwa kazini haamkii mtu bali huamkiwa, kwa hiyo Bi Mwanamkasi, ambaye angeweza kumzaa yeye na kaka yake mkubwa, alimwambia shikamoo. Bwana Lutengano akasema marahaba bila kuinua macho kwenye fomu.

Kwa bahati mbaya alikuwa mwadilifu. Wathamini wengine walikuwa na bei, na mtu ukijua bei ya mtu unajua pa kuanzia, lakini huyu hakupokea hata ndizi. Alifanya kila kitu kama kilivyoandikwa. Aligonga kuta akiwa amefumba macho, maana kanuni ilitaka haiba isikilizwe kabla haijatazamwa. Alisimama katikati ya ukumbi dakika tatu ili kuona kama atapata hisia, na alipoipata aliiandika. Geti la tai alilitazama kwa muda mrefu, akauliza kama ni kuku. Bi Mwanamkasi akajibu kwamba ni vyovyote serikali itakavyoona inafaa.

Mwishoni alijumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Zilikuwa hamsini. Bi Mwanamkasi alishika ukuta wake wa waridi.

“Inabaki kipengele kimoja,” alisema Bwana Lutengano. “Kimeongezwa mwezi huu. Uhai wa jamii. Mtu mmoja au zaidi akiketi kwenye baraza ya nyumba kwa hiari yake, robo saa mfululizo, mbele ya mthamini, nyumba inaongezewa alama mbili.” Akachungulia nje, akatazama saa yake. “Wale wazee wawili wana dakika tisa tangu nianze kuwahesabu. Nisikufiche, mama, inapendeza sana.”

Nje Mzee Faki alikuwa amefika kwenye marehemu wa nne.

Bi Mwanamkasi aliuliza kama anaweza kwenda kuwaambia neno. Bwana Lutengano akamkumbusha kwamba kuwaeleza walioketi siri za tathmini ni kosa la jinai, ila mwenye nyumba yuko huru kuzungumza na watu wake mambo ya kawaida. Akatoka naye mpaka mlangoni, kalamu mkononi.

Jongo alimfundisha kuharibu dari, ukuta na mlango. Hili hakumfundisha. Bi Mwanamkasi alisimama mbele ya wale wazee na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane hakujua aanze vipi.

“Ondokeni barazani kwangu,” alisema.

Mzee Mbwarali alicheka, akidhani ni yale maneno ya masimbi. “Dada yangu, umeamkaje leo?” akamuuliza.

“Nimesema ondokeni. Nimechoka kuwaona. Asubuhi nyinyi, jioni nyinyi, makohozi na habari za maiti. Hamna kwenu? Hamna wake, hamna watoto wa kuwavumilia, mpaka mje kunizeekea mlangoni?”

Lilikuwa neno baya kuliko alivyokusudia, kwa sababu Mzee Mbwarali mke wake alikufa na watoto hawakumtazama, na mtaa mzima ulijua. Alilichagua kwa kuwa alikuwa na dakika nne tu, na neno la upole wangelibishia mpaka jioni.

Mzee Faki akakunja gazeti, mara moja, mara mbili, kwa uangalifu wa mtu wa reli. Mzee Mbwarali alitaka kuinuka, ila mguu wake ulikuwa haumsikii mpaka ashikwe mkono, na siku zote aliyemshika mkono alikuwa Bi Mwanamkasi. Safari hii hakuunyoosha. Mzee Faki alimwinua rafiki yake kwa shida, wakaenda zao polepole kwa upande wa msikitini, wala hawakugeuka.

“Dakika kumi na tatu,” alisema Bwana Lutengano. “Haikutimia. Uhai wa jamii, sifuri. Hamsini kamili, Bi Mwanamkasi.”

*

Hadithi ingeishia hapa, na ingekuwa mbaya ya kutosha. Lakini fomu ilitakiwa ijazwe nakala tatu kwa mkono, na jua lilikuwa la saa saba, na Bwana Lutengano alikuwa na mgongo mbovu. Alipangusa baraza kwa leso, akakaa.

Bi Mwanamkasi hakuelewa mara moja. Alielewa pale kijana alipovua viatu na kusema kwamba hapa pana upepo mzuri.

Akamkaribisha ndani, akasema ndani kuna feni. Bwana Lutengano akajibu kwamba mthamini haruhusiwi kuketi ndani ya nyumba anayoithamini, ni kishawishi. Akamwambia baraza ina siafu. Akajibu kwamba yeye ni mtumishi wa wananchi na ameshaumwa na mengi. Akamwambia kwamba ofisini huenda wanamsubiri. Akasema wamezoea. Nakala ya kwanza ikaisha, akaikausha kwa kuipulizia, akaanza ya pili.

Alikuwa ameshaketi dakika nane. Palikuwa na njia moja iliyobaki, nayo alikuwa ameitumia muda si mrefu, sauti yake ilikuwa bado imekwaruza kwa ajili yake. Angesimama mbele ya huyu kijana aseme ondoka barazani kwangu. Kumfukuza ofisa aliye kazini kilikuwa kifungo cha miezi sita, na miezi sita ya mwanamke wa miaka sitini na tisa si mchezo. Ila si kifungo kilichomfunga mdomo. Alipomtazama yule kijana aliyepiga pasi soksi, maneno hayakuja kabisa, hata yale mepesi. Wale wazee aliwafukuza kwa sababu moyoni alijua watamsamehe. Huyu asingemsamehe, basi ndiye aliyepata heshima. Alijiona, na alichokiona kilimtia kinyaa.

Kisha ulimi wake, uliozoea kazi hiyo kuliko yeye mwenyewe, ukasema, “Nikuletee kahawa, baba?”

Kahawa alikataa, ni rushwa. Maji akakubali, kwa kuwa maji yametajwa katika katiba. Bi Mwanamkasi akaingia, akamtilia kwenye bilauri ya wageni, akamletea kwenye sahani. Bwana Lutengano akanywa taratibu kama mtu aliyelelewa vizuri. Akamaliza nakala ya tatu, akatazama saa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Mama, hongera,” alisema. “Dakika kumi na sita.”

Bi Mwanamkasi akasema, kwa sauti ndogo, kwamba aliyekaa ni yeye mthamini.

“Kanuni inasema mtu,” alijibu Bwana Lutengano. “Haisemi mtu gani. Na mimi ni mtu.”

Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya wizara hiyo kwa ofisa kukiri hivyo, na ilimgharimu Bi Mwanamkasi nyumba. Kijana akafuta hamsini katika nakala zote tatu, akaandika hamsini na mbili, akazigonga muhuri juu ya baraza ya mawe, maana palikuwa na ubapa mzuri. Akavaa viatu. Kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha, sasa alikuwa raia wa kawaida, akainama kwa adabu na kumwambia shikamoo.

*

Lori lilikuja Ijumaa. Cheti kilisema kwamba nyumba imekuwa Fahari ya Taifa hususan kwa ukarimu wake. Wizara ilileta makarani wawili na mafundi sita, nao wakaanza kubandua jipsamu na rangi ya waridi, wakiguna kwa jinsi raia wasivyothamini vitu vyao. Upande wa mlango uliokuwa chini ya kitanda uliwafurahisha sana.

Wabebaji wa serikali hawakufika. Waliofika walikuwa Mzee Faki na Mzee Mbwarali, na mkokoteni wa kuazima. Hakuna aliyewaita. Mzee Faki alibeba sufuria na cherehani. Mzee Mbwarali, ambaye hakuweza kubeba kitu, aliketi juu ya ndoo akilinda vilivyotolewa. Bi Mwanamkasi alikuwa ameandaa maneno tangu Jumanne, akayaanza, yakamshinda katikati.

“Acha, Mwanamkasi,” alisema Mzee Mbwarali. “Tulimwona yule kijana na kalamu yake. Sisi ni watu wazima.”

Afadhali angemtukana. Bi Mwanamkasi aligeuza uso na kuanza kukunja shuka zilizokwisha kunjwa.

Dereva alipowasha injini, karani mmoja alitoka ndani mbio na kitabu kipya chenye jalada la kijani. Kilikuwa kitabu cha wageni. Alieleza kwamba nyumba ya taifa ilifunguliwa rasmi saa mbili asubuhi, kwamba yeyote aliyekanyaga humo baada ya hapo ni mgeni, na kwamba Bi Mwanamkasi, kwa hesabu yake, ndiye mgeni wa kwanza, kwa hiyo anampongeza. Akampa kalamu.

Akaandika jina lake kwa mwandiko wa mwalimu. Kwenye safu ya tarehe akaandika tarehe. Kwenye safu iliyoulizia mgeni ametoka wapi alikaa kidogo, akawatazama wale wazee wawili kando ya mkokoteni, kisha akaandika: Hapa.

Karani alikisoma kitabu, akatikisa kichwa kwa huruma ya kiofisi. Alimweleza kwamba mgeni hawezi kutoka hapa, akiandika hivyo kitabu kitakataliwa makao makuu. Akachukua rula, akalikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika Kilometa Arobaini. Kisha akamshika bibi mkono, akampandisha kwenye lori.